Namna ya Kumfilisi Mwizi wa Laare

Mwizi wa miraa ni mfanyabiashara. Ana saa za kazi, ana vibarua, ana mteja wa kudumu, na bei ya leo anaijua kumshinda mwenye shamba. Mwongozo huu umeandikwa ili kumfilisi. Haufundishi kumpiga, kumchoma wala kumkata mikono. Hayo yamejaribiwa hapa kwetu Igembe miaka nenda miaka rudi, na bado kunakucha tunakuta miti imevunjwa. Unafundisha kumfungia duka.

Umeandikiwa wakazi wa Laare na vijiji vinavyoizunguka, upande wa Maua hadi upande wa Mutuati. Mtu wa Embu anayekesha kwa ajili ya muguka wake anaweza kuutumia pia, hata mwenye kibanda cha M-Pesa aliyechoka kununua kufuli. Abadilishe tu jina la mali.

Kabla ya kutafuta mbwa mkali, ielewe biashara ya huyu bwana. Miraa haikai. Ikishachumwa ina siku mbili hivi za kuuzika, kisha hunyauka na nguvu yake hupotea. Ndiyo sababu hufungwa kwa majani ya mgomba, na ndiyo sababu magari yanayoipeleka Nairobi hukimbia hadi akina mama wa kando ya barabara wanawaita watoto ndani. Udhaifu huo wa zao letu ndio silaha yetu ya kwanza. Aliyeiba televisheni anaweza kuificha darini mwezi mzima hadi mambo yapoe. Aliyeingia shambani mwako saa nane usiku hana pa kuficha kitu. Mzigo wake lazima upate mnunuzi asubuhi hiyohiyo, la sivyo amejisumbua kuwachumia mbuzi. Kwa hiyo kila mwizi wa miraa anayefanikiwa ana mtu anayemngoja alfajiri na noti mkononi, na mtu huyo viatu vyake havina tope.

Huyo wa viatu visafi ndiye mwenye duka. Sisi huzimaliza nguvu zetu zote kwenye ua: miiba, tochi, mbwa, kibanda cha mlinzi anayetetemeka kwa baridi ya Nyambene. Ua una kazi yake. Lakini shamba lina njia mia za kuingilia, na mali ya wizi ina njia chache sana za kutokea, karibu zote zikipitia sokoni. Weka macho mengi pale ambapo njia ni chache.

Waliotunga sheria waliliona hili zamani. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, mwizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 3. Anayepokea mali ya wizi akijua ni ya wizi, kifungu cha 322, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Nakili tarakimu hizo mbili kwenye karatasi kubwa, kwa wino mweusi, uzibandike pale mizigo inapopimwa. Ni tangazo la bei nafuu kuliko mbwa, na halihitaji kulishwa.

Halafu lianzishwe daftari. Mnunuzi wa Laare huwajua wakulima wake. Anajua nani ana mbaine, ile miti mizee iliyoachwa na mababu, na anajua shamba lipi lilichumwa juzi, hivyo haliwezi kuwa na mavuno leo. Kila anayeleta mzigo aseme umetoka shamba la nani na umechumwa na nani, iandikwe, simu ipigwe kwa mwenye shamba pale penye shaka. Na mzigo wenyewe uangaliwe kwa makini, maana unasema. Mchumaji anayeijua kazi huchagua kichipukizi kimoja kimoja, akakikata kwa kucha, akavipanga vichwa vyote upande mmoja, urefu ukilingana. Gizani hakuna nafasi ya hayo. Mzigo wa usiku una vijiti virefu na vifupi pamoja, vichwa vyekundu vimechanganyika na majani yaliyokomaa, na mwisho wa kijiti umechanika na kuacha ganda likining'inia. Mara nyingine ndani yake kuna tawi zima ambalo hakuna mwenye mti angelitoa, kwa sababu mti uliovunjwa hivyo unakaa muda mrefu kabla ya kumpa tena kitu. Mnunuzi aliyekaa sokoni miaka kumi akisema hakuiona tofauti hiyo, aulizwe mara ya pili, mbele ya wenzake.

Ulinzi pia ufuate bei. Kiangazi, miraa inapoadimika na bei kupaa, si wakati wa kumpa mlinzi likizo. Julai 2022, Somalia ilipofungua tena soko lake baada ya kulifunga tangu Machi 2020, kila mkulima wa Igembe alifurahi, na mwizi mwenye akili alifurahi naye. Siku unayosikia redioni kwamba bei imepanda, ndiyo siku ya kuitisha kikao cha majirani, kabla hujapanga pesa hizo utazitumia vipi.

Tufike kwenye hao majirani. Serikali ya Kenya ilianza kuhimiza polisi jamii kitaifa mwaka 2005, Mwai Kibaki akiwa Rais. Kisha, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, serikali ya Uhuru Kenyatta ikaleta Nyumba Kumi, na Mzee Joseph Kaguthi, aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa, akapewa kazi ya kuisimamia. Wazo lilitoka kwa jirani zetu wa Tanzania, ambako mabalozi wa nyumba kumi walikuwapo tangu enzi za TANU. Mahali pengi huku kwetu lilibaki na mwenyekiti, muhuri, na kumbukumbu ya kikao kimoja ambacho soda zilikwisha kabla ya ajenda.

Lifufue bila muhuri. Kinachotakiwa ni kujua nani analala wapi, nani analinda shamba la nani, mjane yupi anaishi peke yake na miti yake inachumwa na kibarua, na ni nani amehamia ile ploti mpya nyuma ya kanisa. Mpangaji mpya akifika, mpelekee chai siku hiyohiyo. Usimpelekee maswali, majina hutoka yenyewe chai ikinywewa. Mtu unayemjua kwa jina utaitambua sauti yake gizani, na yeye atakuwa na sababu ya kutoka nje utakapopiga nduru.

Nina neno na wenye mashamba kuhusu vijana, na nalisema kwa uchungu. Wachumaji wetu, wengi wao waliacha shule kwa sababu mti uliwalipa upesi kuliko darasa, ndio wa kwanza kushukiwa likitokea jambo. Saa mbili asubuhi tunawakabidhi miti ya mababu, saa mbili usiku tunawaita wezi. Na kijana huyohuyo ndiye anayejua vijia vyote vya shambani. Mwenzake wa boda boda ndiye anayepita usiku wa manane na kuona Probox imezimwa taa kwenye kona isiyo na nyumba. Kundi la ulinzi lililojaa wazee watupu na halina hata mchumaji mmoja wala mtu mmoja wa boda, litajua kila kitu kuhusu wizi wa mwaka 1987 na halitajua chochote kuhusu wa jana. Waiteni kikaoni, wapewe viti, wasikilizwe kwanza. Na mama anayeuza chai stendi kuanzia saa kumi alfajiri akae mbele kabisa. Yeye huona kila gunia linaloshushwa kabla ya jua kuchomoza, na huona nani analipokea. Mpelelezi gani ana dirisha kama lile?

Mkishakutana, jambo la kwanza la kukubaliana ni mipaka ya kazi yenu. Mlinzi wa mtaa ana macho, ana masikio, ana simu. Hana ruhusa ya kumwandama mtu kwa kuwa sura yake ni ngeni. Tarehe 26 Februari 2012, mjini Sanford, Florida, kijana wa miaka 17, Trayvon Martin, alikuwa akirudi kutoka dukani, hana silaha. Mlinzi wa kujitolea wa mtaa akamtilia shaka, akapiga simu polisi, akaambiwa na mpokea simu kwamba hakuna haja ya kumfuata. Mwisho wake kijana alikufa kwa risasi ya mlinzi huyo, na nchi nzima ya Marekani ikagawanyika. Laare tuna wafanyabiashara wanaotoka Isiolo, Garissa na Nairobi kila siku. Mtu akishakuwa mshukiwa kwa lugha yake au mavazi yake, tumeua soko letu wenyewe na mwizi wa hapahapa, anayesalimia kila mtu kwa jina, anapita akipiga mluzi.

Sasa kituoni. Najua kwa nini watu hawaendi. Wanaogopa jina lao litamfikia mshukiwa kabla hawajafika nyumbani, wanaogopa kuombwa pesa, na wengine waliwahi kuripoti wakaona hakuna kilichofanyika. Hofu hizo hazikutoka hewani. Hata hivyo, mwizi ndiye anayefaidi zaidi tusipoenda, kwa sababu wizi usioandikwa popote haukutokea, na kituo kisicho na ripoti za wizi kitaambiwa na wakubwa wake kwamba eneo lina amani. Katiba ya 2010, ibara ya 244, inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi ijenge uhusiano mwema na jamii, na Sheria ya Huduma hiyo ya mwaka 2011, kuanzia kifungu cha 96, inaweka utaratibu wa kamati za ushirikiano kati ya polisi na wananchi. Kwa hiyo mwananchi anayebisha mlango wa OCS, mkuu wa kituo, kuuliza kikao ni lini hajaenda kuomba hisani.

Nenda na mwenzako, msiwe wawili wenye hasira. Nenda na mambo yaliyohesabiwa. Ukisema "nimeibiwa miraa," ofisa ataandika umeibiwa miraa, na kesi itafia katika maneno hayo mawili. Sema ni miti mingapi, iko upande gani wa shamba, ulipita mara ya mwisho saa ngapi, mbwa alibweka saa ngapi, nyayo zimeelekea wapi, hasara ni ya thamani gani kwa bei ya siku hiyo. Piga picha kunapopambazuka, kabla kijiji kizima hakijaja kukupa pole na kukanyaga nyayo. Mwombe ofisa akusomee alichoandika. Kisha omba namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo.

"Afande, naomba namba ya OB."

"Mama, wewe nenda tu, tutakuita."

"Asante, afande. Nitaingoja hapa kwenye benchi."

Sauti iwe ya chini, makalio yawe mazito. Namba ya OB hubeba tarehe ya ripoti yako, na ndiyo itakayokujulisha kwa kila ofisa atakayekuja baadaye, maana OCS huhamishwa lakini kitabu hubaki. Kuandikisha ripoti hakulipiwi. Ukiambiwa gari halina mafuta, jambo ambalo Wakenya wa kila kaunti wamelisikia, usichange pesa mkononi mwa mtu. Lipelekeni kikaoni, mbele ya kamanda wa kaunti ndogo, liandikwe kwenye kumbukumbu. Ukiombwa kitu kidogo, au ukiona ofisa anakunywa chai na yule wa viatu visafi, kuna IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, kwa namba 1559. Na ikiwa una habari nyeti usiyotaka kuonekana ukiipeleka, DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana namba ya bure, 0800 722 203.

Polisi nao wana haki ya kusaidiwa. Ofisa aliyeletwa kutoka Kakamega au Kwale hajui vijia vyetu. Ukimpigia saa saba usiku umwambie "njoo pale kwa ule mti wa marehemu mzee," atazunguka hadi asubuhi na kesho mtasema hakuja. Mchukueni mchana mmoja mtembee naye. Kubalianeni majina ya sehemu: shule, kanisa, tangi la maji, daraja, njia ya juu, njia ya chini. Mpeni orodha ya walinzi wenu na namba zao za simu, ili akikutana na mwanamume mwenye panga na tochi kwenye migomba ajue anakutana na nani. Nusu saa ya kutembea pamoja inaokoa maisha ya watu wa pande zote mbili.

Ndipo ufike usiku wenyewe, na hapa naomba usome polepole.

Nduru imepigwa. Watu wametoka. Mtu amekamatwa na mzigo begani. Sheria iko nanyi mpaka hapo: kifungu cha 34 cha Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake. Kifungu kinachofuata, cha 35, kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kati ya vifungu hivyo viwili kuna dakika ishirini, thelathini, saa nzima, ambazo Igembe nzima inazijua. Katika dakika hizo mtu anatajwa jina, mwingine anamkumbuka mbuzi wake aliyepotea mwaka juzi, wa tatu anakwenda kutafuta petroli.

Mfikirie tena yule mwenye duka. Amesikia nduru, amekaa kitandani, moyo unamdunda. Anaomba jambo moja tu usiku ule: kwamba umati ufanye kazi yake haraka. Aliyechomwa hamtaji mnunuzi. Hasemi gari lilikuwa la nani, nani alimwonyesha shamba lisilo na mlinzi, nani alimpa noti wiki iliyopita. Tunapomuua kibarua tunamtunzia tajiri siri zake zote, bila malipo, na wiki mbili baadaye anaajiri kibarua mwingine, kwa sababu vijana wasio na kazi hawajaisha. Hakuna huduma kubwa kuliko hiyo ambayo kijiji kinaweza kumfanyia mwizi.

Na aliyekamatwa anaweza kuwa siye. Anaweza kuwa mlevi aliyekosea njia, mlinzi wa shamba la tatu aliyekuja kuitikia nduru, kijana aliyetoka kumwona msichana na aliyeona aibu kusema. Haya yametokea Kenya hii mara nyingi mno. Kisheria, kumchoma aliyekamatwa ni mauaji, na kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu nia ya pamoja kinaweza kuwaweka aliyeleta petroli na aliyeshikilia mikono kwenye shtaka moja. Lakini hata sheria isingekuwapo, mama yake yupo, na anakutana nawe sokoni kila Jumamosi.

Kwa hiyo kazi zigawanywe mapema, mchana, watu wakiwa wameshiba na wametulia. Wawili wa kupiga simu, mmoja kwa 999 au 112 na mwingine kwa kituo moja kwa moja. Mmoja wa kushika mzigo na kuupiga picha mahali ulipokamatiwa. Na watu wanne, nasisitiza wanne, ambao kazi yao pekee ni kumzunguka mshukiwa wakiwa wamempa mgongo, nyuso zao zikiwatazama majirani. Wachaguliwe wanaoheshimika: mzee mmoja mwenye sauti nzito, mwalimu, na mama wawili wa rika la mama zetu. Kijana mwenye rungu atamsukuma mwanamume mwenzake. Atasita mbele ya mama aliyemfundisha Sunday School, akimwita kwa jina na kumwambia, "Mwanangu, weka hilo chini, huyu tunamtaka aongee." Wafanye mazoezi. Watu watacheka siku ya mazoezi, na wacheke. Ndicho kicheko pekee kinachofaa katika jambo hili.

Polisi wakifika, kumbuka kielelezo chenu kina siku mbili za uhai. Mwombe ofisa aupige mzigo picha, auorodheshe, aandike uzito na hali yake usiku huohuo, kwa sababu ukifika mahakamani utakuwa ni vijiti vikavu ambavyo wakili yeyote atasema ni kuni.

Je, wazee? Njuri Ncheke walikuwapo kabla ya kituo chochote cha polisi kujengwa Meru, na Katiba yenyewe, ibara ya 159, inahimiza njia za jadi za kusuluhisha migogoro mradi zisivunje haki za mtu. Migogoro ya mipaka, mbuzi aliyeingia shambani, kijana aliyechuma kitita kimoja kwa njaa, wazee wanaimaliza vizuri kuliko korti, na faini ikalipwa kabla ya mwezi kwisha. Gichiaro, ule undugu wa koo unaomfanya mtu aogope kumdanganya ndugu yake wa kiapo, umetoa ukweli ambao hakuna pingu ingeutoa. Palipotumika panga, palipomwagika damu, au palipo na mtandao wa wanunuzi na magari, pelekeni kituoni. Huko kunahitajika uwezo wa kufuata simu na namba za gari, na wazee hawana mitambo hiyo.

Kuhusu pesa na rungu, tahadhari ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania, waliochoshwa na wizi wa ng'ombe, waliunda Sungusungu: vijana wa kijiji, pinde, filimbi, na mbio za usiku kutoka kijiji hadi kijiji. Ng'ombe wakarudi. Serikali ikawakubali, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Baadaye yakaja malalamiko ya watu kuteswa. Huku Kenya, Kisii, kundi lililojiita kwa jina hilohilo lilianza likishangiliwa kwa kupambana na wahalifu, likaishia kuogopwa kuliko wahalifu, na mwaka 2010 likawa miongoni mwa makundi yaliyopigwa marufuku. Njia ya kutoka hapa hadi pale ni fupi, na huanza siku ambayo mchango wa ulinzi unakusanywa bila risiti. Jirani asiyechanga anaanza kulindwa kidogo, kisha anaanza kuibiwa. Weka pesa kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, soma taarifa ya matumizi kila mwezi kwa sauti, na viongozi wabadilishwe kila mwaka hata wakiwa malaika. Mwanasiasa akijitolea kuwanunulia koti za mvua zenye sura yake, mshukuruni na mzikatae.

Kundi la WhatsApp ni zuri likiwa na kazi moja. Ujumbe wa "gari jeupe limesimama karibu na tangi la maji" ukizikwa chini ya maua arobaini ya kutakiana asubuhi njema, gari litaondoka limejaa. Maua yawe na kundi lake. Na picha ya mshukiwa isipandishwe humo kamwe, ipelekwe kituoni. Ukikosea mtu, picha itafika Nairobi kabla ya radhi yako kufika mtaa wa pili.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayotushinda wengi. Mshukiwa amepelekwa kortini Maua ndani ya saa 24, kama ibara ya 49 ya Katiba inavyotaka, na siku chache baadaye unakutana naye akinywa chai. Usipige nduru. Dhamana ni haki yake kikatiba kabla ya hukumu, isipokuwa mahakama ione sababu nzito ya kumnyima, kama ingekuwa haki yako siku utakaposingiziwa. Kesi bado ipo. Itakufa ikiwa hutakwenda: kifungu cha 202 cha Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu hakimu kumwachilia mshtakiwa mlalamishi asipofika. Yule wa viatu visafi analijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana siku mbili kabla ya kesi atatuma mtu na bahasha na maneno matamu juu ya ujirani mwema. Rudisha bahasha mbele ya shahidi, umweleze mpelelezi wa kesi. Kama maneno yaligeuka vitisho, omba mpelelezi akuunganishe na Wakala wa Kulinda Mashahidi, unaofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2006.

Siku ya kesi panda matatu ya mapema. Beba namba ya OB, picha, kitambulisho, na chakula, kwa kuwa huenda ukaitwa saa nane mchana. Kundi lenu lichange nauli yako na malipo ya siku yako ya kazi, na majirani watatu wakusindikize ukumbini ili hakimu aone kwamba shamba lile lina watu. Kesi ikiahirishwa, nayo itaahirishwa, andika tarehe mpya kwenye ile karatasi ya OB, na kabla ya kushuka Laare mpigie jirani umuulize nani atalinda miti yako siku hiyo.